Mwanachuo Anaingia Darasani Siku Ngapi kwa Wiki? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kwa kifupi, ni siku ngapi?

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anayesoma kwa muda wote huwa na vipindi siku 4 au 5 kwa wiki. Wapo wenye siku 3, hasa walio mwaka wa mwisho katika programu za kusoma na kuandika sana kama historia, falsafa au fasihi. Wapo pia wenye siku 5 zilizojaa, na wakati mwingine 6: udaktari, uuguzi, famasia, uhandisi, usanifu majengo. Anayesoma kwa muda wa ziada anaweza kuwa na siku 1 au 2, au jioni chache tu.

Hayo ni makadirio ya kukusaidia kupanga maisha. Ukiuliza ofisi ya udahili swali hili, kuna uwezekano mkubwa ujibiwe kwa saa au kwa krediti, yaani vizio vya kupima uzito wa somo, badala ya siku, na si kwamba wanakukwepa. Masomo ya chuo hupimwa kwa saa. Siku hupatikana baadaye, ratiba inapopangwa.

Kwa nini chuo hakina siku maalumu kama shule ya sekondari?

Shuleni darasa zima husoma masomo yaleyale, na kwa kawaida mwalimu ndiye anayehama kutoka chumba hadi chumba. Chuoni anayehama ni mwanafunzi. Wawili waliokaa jirani kwenye mhadhara wa saa 2 asubuhi Jumatatu huenda wasikutane tena hadi Jumatatu nyingine, kwa sababu masomo yao mengine ni tofauti.

Anayepanga ratiba huanza na vitu visivyohamishika: maabara yenye meza chache, ukumbi mkubwa pekee unaotosha wanafunzi wa mwaka wa kwanza, mhadhiri wa muda anayepatikana siku moja tu. Vikishakaa, ndipo vipindi vingine vinapachikwa kwenye nafasi zilizobaki. Kwa hiyo ukiona kipindi cha saa moja kimekaa peke yake Ijumaa alasiri, usidhani umeonewa. Mara nyingi ukumbi haukuwa wazi wakati mwingine wowote. Kupanga ratiba ya chuo kizima ni fumbo gumu hata kwa kompyuta, na wapangaji wengi hufurahi wakipata ratiba isiyo na migongano. Ikiwa na uzuri juu yake, hiyo ni bahati.

Nitakadiriaje siku zangu kabla ratiba haijatoka?

Chukua orodha ya masomo ya muhula na ufungue maelezo ya kila somo. Tafuta saa za mhadhara kwa wiki, saa za semina na saa za maabara au mazoezi kwa vitendo. Zijumlishe, lakini usiishie hapo. Saa zenyewe hazisemi mengi kuhusu siku. Kinachosema zaidi ni idadi ya vipande ambavyo saa hizo zimekatwa.

Mfano: masomo 5, kila moja lina mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1. Hiyo ni saa 15. Mawili kati yake yana maabara ya saa 3, lakini kila maabara hufanyika wiki moja na kurukwa wiki inayofuata, na zinapishana. Kwa hiyo kila wiki unakuwa na maabara moja. Jumla saa 18. Sasa hesabu vipande: mihadhara 5, semina 5, maabara 1. Vipande 11. Siku ya kawaida hubeba vipande vitatu hivi vya urefu huo bila kubanana sana, kwa hiyo tarajia siku 4. Chuo kikiamua kukata kila mhadhara kuwa vipindi viwili vya saa moja kwa siku tofauti, vipande vinakuwa 16 na siku zote 5 zitaguswa, ingawa saa ni zilezile 18.

Ndiyo maana mwanafunzi wa uhandisi mwenye saa 24 zilizofungwa katika vipande 8 vya saa tatu tatu anaweza kumaliza kwa siku 4, huku mwanafunzi anayeanza lugha ya kigeni mwenye saa 15 akienda kila siku. Kwa lugha hufanywa makusudi: saa moja kila siku hujenga ulimi kuliko saa tano za siku moja.

Krediti moja ni saa ngapi?

Inategemea uko mfumo gani, na hapa ndipo watu wengi hujichanganya wakilinganisha vyuo vya nchi mbalimbali.

Marekani, krediti moja ya muhula ni takribani saa moja ya darasani na saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa wiki 15 hivi. Somo la krediti 3 kwa hiyo lina dakika 150 za darasani kwa wiki. Vyuo vingi huko huzigawa kwa namna mbili: dakika 50 mara tatu, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, au dakika 75 mara mbili, Jumanne na Alhamisi. Mgawanyo huu unafaa kuujua kwa sababu ukichagua masomo yote ya Jumanne na Alhamisi unapata wiki ya siku 2, na ukichanganya somo moja tu la upande wa pili unarudi siku 5.

Katika mfumo wa pamoja wa Ulaya, mwaka mzima wa masomo ni krediti 60, na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote: darasani, maktaba, kuandika, kujiandaa na mitihani. Uingereza mwaka wa shahada ya kwanza ni krediti 120 na kila krediti huhesabiwa saa 10 za kazi yote. Kwa mifumo hii miwili krediti peke yake haikuambii kitu kuhusu saa za darasani. Somo la krediti 15 la Uingereza ni saa 150; likiwa na mhadhara wa saa 2 na semina ya saa 1 kwa wiki 10, darasani utakaa saa 30, na 120 zilizobaki utazitafuta mwenyewe.

Kwa hiyo usichukue krediti 15 za Marekani, ambazo ni mzigo wa muhula mzima, ukazilinganisha na krediti 15 za Uingereza, ambazo aghalabu ni somo moja.

Saa moja kwenye ratiba ni dakika 60 kweli?

Mara chache. Vyuo vingi hufundisha dakika 50 na kuacha 10 za kuhama chumba. Ujerumani saa ya masomo ni dakika 45, na upo utamaduni wa zamani wa kuanza robo saa baada ya muda ulioandikwa. Ratiba ikiwa na herufi c.t. mbele ya saa, robo hiyo ipo. Ikiwa na s.t., fika kwa wakati ulioandikwa. Wageni huumia zaidi na s.t. kuliko c.t.

Fani zipi zina siku nyingi, na kwa nini?

Zinazohitaji mikono. Mhadhara wa watu 300 hufanyika mara moja na umeisha. Maabara ya kemia yenye nafasi 24 hurudiwa makundi 13 ili watu hao hao 300 wapite, na makundi hayo lazima yatapakae wiki nzima. Hapo ndipo siku zinapotawanyika.

Udaktari miaka ya mwanzo ni mihadhara, anatomia na maabara kwa siku 5. Ukifika miaka ya wodini, neno siku za darasani linapoteza maana: unafuata ratiba ya idara ya hospitali, asubuhi na mapema, pamoja na zamu za usiku na za mwisho wa wiki. Uuguzi hupishanisha vipindi vya darasani na vipindi vya wodini, na wodini unafanya zamu kama wafanyakazi wengine.

Usanifu majengo na sanaa wana studio. Kwenye ratiba studio inaweza kuonekana siku 2 au 3 tu, vipande vya saa nne nne. Ratiba hiyo inadanganya. Kazi ya studio haimaliziki ndani ya kipindi, na wanafunzi wa fani hii huonekana chuoni siku ambazo ratiba yao ni tupu kabisa.

Ualimu una sura mbili. Muhula wa kawaida ni siku 4 au 5 za chuo. Kipindi cha mazoezi ya kufundisha ni siku zote za shule, kwa saa za shule, na huwezi kukipanga juu ya kazi nyingine ya mchana.

Sheria, uchumi, sosholojia, historia: saa za darasani ni chache, mara nyingi kati ya 8 na 15 kwa wiki, lakini orodha ya kusoma ni ndefu. Anayedhani fani hizi ni nyepesi kwa sababu zina siku 3 hajaiona orodha yenyewe.

Mwaka wa kwanza na mwaka wa mwisho vinatofautiana?

Sana. Mwaka wa kwanza una masomo ya lazima mengi, semina nyingi za kuwazoesha wanafunzi, na mara nyingi masomo ya stadi za mawasiliano au kompyuta juu yake. Mwaka wa mwisho kuna tasnifu au mradi, ambao kwenye ratiba unaonekana kama kikao kimoja na msimamizi, tena si kila wiki. Siku zinapungua na kazi inaongezeka. Usiitumie ratiba ya kaka au dada yako aliye mwaka wa 3 kukadiria ya kwako ya mwaka wa 1.

Mbona mwenzangu wa programu ileile anaenda siku 3 na mimi 5?

Mihadhara yenu ni ileile. Makundi ya semina na maabara ndiyo tofauti. Yeye kundi lake la semina limekaa siku zilezile za mihadhara, lako limeangukia siku nyingine. Masomo ya hiari nayo huongeza tofauti. Jambo hili linarekebishika wiki mbili za mwanzo na baada ya hapo ni vigumu, kwa sababu makundi huwa yamejaa na mahudhurio yameanza kuhesabiwa.

Ninaweza kubana vipindi vyangu viwe siku 3?

Mara nyingine. Anza na ratiba ya awali mara tu inapotoka. Weka alama kwenye kila kipindi kinachofundishwa mara moja tu kwa wiki bila kundi mbadala: mihadhara karibu yote, na masomo ya hiari yenye watu wachache. Hesabu siku ambazo vipindi hivyo vimeangukia. Hiyo ndiyo sakafu yako. Mihadhara ikiwa imegusa siku 4, hakuna ujanja wa makundi utakaokushusha hadi 3, na utaokoa muda ukikubali mapema.

Sakafu ikiwa 3, tafuta makundi ya semina na maabara yaliyo ndani ya siku hizo. Andika chaguo la kwanza, la pili na la tatu kwa kila somo, pamoja na namba za makundi, kabla mfumo wa usajili haujafunguliwa. Makundi ya katikati ya asubuhi hujaa kwanza. Ya saa 2 asubuhi na ya jioni hubaki mwisho. Sajili kwanza kundi lenye nafasi chache zaidi, ambalo mara nyingi ni maabara, si lile unalolipenda zaidi. Watu wengi hukosea mpangilio huu: wanakimbilia semina nzuri ya Jumanne, wakirudi kwenye maabara imebaki ya Ijumaa jioni, na siku ya nne imezaliwa.

Kisha kagua umbali. Vipindi viwili vilivyofuatana vyenye pengo la dakika 10 vinawezekana jengo moja, havifai ikiwa kampasi ni mbili. Acha angalau saa moja ya kula kati ya saa 6 na saa 8 mchana. Siku ya vipindi sita mfululizo inaonekana safi kwenye karatasi tu.

Sasa upande wa pili. Siku ya saa 7 au 8 darasani inachosha, na kipindi cha mwisho unakaa tu, husikii. Ukiugua siku moja unapoteza theluthi ya wiki, masomo manne kwa mpigo. Tarehe za kukabidhi kazi nazo hufuata siku za vipindi, kwa hiyo zinakurundikia siku moja. Na kazi za kikundi huwa shida, kwa kuwa wenzako wanakutana siku ambazo wewe haupo. Kwa maoni yetu siku 4, na ile tupu ikiwa katikati ya wiki, ni bora kuliko siku 3 zilizoshonana. Anayeishi mbali sana na chuo, mwenye mtoto mdogo au mwenye kazi ya kuajiriwa ana sababu ya kuchagua siku 3. Anayetaka tu kulala Ijumaa hana.

Vipindi vya Jumamosi na Jumapili vipo?

Kwanza, wiki yenyewe haianzi siku moja kila mahali. Israeli na Saudi Arabia wiki ya masomo huanza Jumapili. Umoja wa Falme za Kiarabu ulihamia wiki inayoanza Jumatatu mwaka 2022, na Ijumaa ikawa nusu siku. Anayekwenda kusoma nje aangalie hili kabla ya kukata tiketi.

Palipo na wiki ya Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi hutumika kwa mambo matatu: programu za watu wenye ajira, vipindi vya kufidia vilivyopotea, na maabara au mitihani ya majaribio isiyopata chumba katikati ya wiki. Muulize mratibu wa programu mapema ikiwa ibada au familia inakuzuia siku fulani. Akijua kabla makundi hayajapangwa anaweza kukusaidia. Akijua baadaye, atakuonea huruma tu.

Anayesoma jioni au kwa muda wa ziada anaenda siku ngapi?

Wa jioni huwa na jioni 2 hadi 4, kila moja saa 2 au 3. Wa mwisho wa wiki hukaa Jumamosi nzima, na wengine na Jumapili. Zipo pia programu za vipindi vya mkupuo: unakuja chuoni siku 3 hadi 5 mfululizo, kutwa nzima, kisha unaondoka kwa wiki kadhaa ukiwa na kazi za kufanya. Katika mtindo wa mkupuo kukosa siku moja ni sawa na kukosa wiki tatu za mtindo wa kawaida, na ndiyo maana masharti yake ya mahudhurio huwa makali.

Muda wa ziada hurefusha programu. Ukibeba nusu ya krediti, shahada ya miaka 3 inakuwa 6. Hesabu hiyo watu huisahau wakifurahia siku 2 kwa wiki.

Masomo ya mtandaoni yanahesabiwa kuwa siku ya darasani?

Yakiwa ya moja kwa moja, ndiyo: yana saa yake, mhadhiri yupo, na jina lako linaandikwa. Yakiwa ya kurekodiwa hayana siku, yana tarehe ya mwisho. Hatari ya haya ya kurekodiwa ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu mhadhara usio na siku huahirishwa hadi unakuwa mihadhara sita usiku wa kuamkia mtihani. Upe siku na saa kwenye ratiba yako kama vile kuna mtu atakayekusubiri mlangoni.

Angalia pia siku zenye mchanganyiko. Kipindi cha mtandaoni saa 4 asubuhi kikifuatwa na semina ya ana kwa ana saa 5, kile cha kwanza utakisikiliza ukiwa chuoni au njiani. Tafuta mapema mahali penye utulivu na intaneti ya uhakika. Korido si mahali hapo.

Kusoma bila kufika chuoni si jambo jipya. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa wasiohudhuria tangu mwaka 1858, na chuo huria cha Uingereza, The Open University, kilianzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya masomo ya masafa.

Siku isiyo na kipindi ni ya mapumziko?

Piga hesabu. Mwanafunzi mwenye krediti 15 za Marekani anatarajiwa saa 15 darasani na 30 nje, jumla 45 kwa wiki. Wa Ulaya mwenye krediti 30 kwa muhula ana saa 750 hadi 900. Zikigawanywa kwa wiki 20, pamoja na za mitihani, ni kati ya saa 37 na 45 kwa wiki. Saa hizo hazienei jioni za siku 4 zenye vipindi. Siku tupu ndiyo inayobeba usomaji mrefu, ripoti za maabara na insha.

Njia inayofanya kazi ni kuipa siku hiyo vipande viwili vya saa 3, asubuhi na alasiri, kila kimoja kikiwa na somo lake lililotajwa kabla. Jioni iache. Ukiandika tu "kusoma" kwenye kalenda, siku itaishia kwenye kufua.

Nikikosa siku moja ninapoteza kiasi gani?

Vyuo vinavyoweka kiwango cha mahudhurio mara nyingi huweka asilimia 75 au 80, na asiyefikia anaweza kuzuiwa kufanya mtihani wa mwisho. Soma kanuni za chuo chako, kisha geuza asilimia kuwa vipindi. Somo lenye kipindi kimoja kwa wiki kwa wiki 15, kwa kiwango cha asilimia 80, linahitaji vipindi 12. Una nafasi ya kukosa 3. Lenye vipindi viwili kwa wiki, 30 kwa muhula, kwa asilimia 75 linahitaji 23, kwa sababu 22 na nusu haipo. Unaweza kukosa 7.

Watu huanguka hapa kwa namna tatu. Wanaochelewa zaidi ya dakika 10 au 15, ambao mahali pengi huandikwa hawakuwepo. Wanaoingia kundi la semina lisilo lao, wakasoma vizuri tu, na majina yao hayapo kwenye karatasi ya kundi hilo. Na wanaodhani cheti cha daktari kinafuta kutokuwepo: mara nyingi kinaeleza tu, na maabara iliyokosekana bado inatakiwa kufidiwa ndani ya muda uliowekwa.

Wiki zote za muhula zinafanana?

Hapana. Wiki ya kwanza aghalabu ni mihadhara tu. Semina na maabara huanza wiki ya pili au ya tatu. Ndiyo maana kila mwaka wapo wanaotia saini mkataba wa kazi wiki ya kwanza wakiamini wana siku 2 tupu, na wiki ya tatu siku hizo zimejaa. Maabara nyingine hupishana wiki, kwa hiyo chapisha au hifadhi ratiba mbili. Vyuo vingine huweka wiki moja katikati isiyo na vipindi, kwa ajili ya kusoma. Muhula wenyewe ni wiki 14 au 15 kwa vyuo vingi, lakini Oxford hufundisha kwa mihula mitatu ya wiki 8, iliyoshindiliwa.

Sikukuu nazo huvuruga. Nchi inayopenda kuweka sikukuu Jumatatu huyanyima masomo ya Jumatatu vipindi kadhaa kwa muhula, na vyuo vingine hufidia kwa kutangaza kuwa Jumanne fulani itafuata ratiba ya Jumatatu. Tangazo hilo halijirudii. Lisome kwenye kalenda ya chuo siku unayojisajili, uliandike.

Ninaweza kufanya kazi siku zilizobaki?

Kwa mzigo kamili wa masomo, kazi ya saa 10 hadi 15 kwa wiki huenda vizuri kwa wengi. Juu ya 20 usomaji huanza kuliwa. Usiahidi siku nzima kwa mwajiri kabla ya wiki ya tatu.

Mwanafunzi wa kigeni ana mipaka ya viza. Uingereza, kwa shahada, kikomo cha kawaida ni saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani, mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1 wa shahada ya kwanza anapaswa kubeba angalau krediti 12 kwa muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, linalohesabiwa. Kuacha somo ili upate siku moja ya kazi kunaweza kukushusha chini ya 12, na hapo kinachoguswa ni haki ya kukaa nchini. Ongea na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kubonyeza kitufe cha kuacha somo.

Uzamili na uzamivu ni siku ngapi?

Uzamili wa masomo ni siku 2 hadi 4, vipindi virefu vya saa 2 au 3, mara nyingi alasiri au jioni. Uzamili wa utafiti na uzamivu huenda usiwe na kipindi hata kimoja baada ya mwaka wa kwanza. Palipo na maabara, hata hivyo, unatarajiwa kuwepo siku zote za kazi, na viumbe unavyovikuza havijui Jumapili.

Masomo mawili yamegongana. Nifanye nini?

Angalia kwanza kinachogongana. Semina na mhadhara: badilisha kundi la semina kwenye mfumo, siku hiyohiyo, kabla nafasi hazijaisha. Mihadhara miwili, moja likiwa somo la hiari: acha la hiari uchague jingine, isipokuwa linafundishwa mwaka huu tu. Mihadhara miwili ya masomo ya lazima: hilo ni kosa la ratiba, si lako, ingawa kwa anayerudia somo la mwaka uliopita ni jambo la kawaida, kwa kuwa ratiba za miaka miwili hazikupangwa zikitazamana.

Kwa kosa la ratiba, andika barua pepe fupi kwa mratibu wa programu, nakala kwa ofisi ya ratiba: namba yako ya usajili, namba za masomo yote mawili, siku na saa, na makundi uliyopangiwa. Ambatanisha picha ya ratiba yako. Usiwaandikie wahadhiri wawili kila mmoja kivyake ukiomba ahamishe kipindi. Hawana mamlaka na ukumbi. Ukisubiri jibu, hudhuria kimoja wiki hii na kingine wiki ijayo, na mwambie kila mhadhiri kwa maandishi sababu ya kutokuwepo, ili karatasi ya mahudhurio isije kukuhukumu mwezi wa tatu wa muhula.